Pikipiki msimu wa baridi: uongeze nguo, uzuie upepo au utumie umeme?

Kipimajoto kikisoma nyuzi 10, anayekwenda kwa miguu huongeza sweta, safari ikaendelea. Anayekwenda kazini kwa pikipiki ana hesabu nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nyuzi 10 hizo huipoza ngozi iliyo wazi kama nyuzi 5. Zikiwa nyuzi 5, ngozi hupoa kama iko kwenye 2 chini ya sifuri; na penye sifuri kamili, kwa kilomita 80 kwa saa, kama iko kwenye karibu 10 chini ya sifuri. Makadirio haya yanatokana na kanuni ya ubaridi wa upepo ambayo Kanada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001. Yanahusu ngozi iliyo wazi tu, na hapo ndipo penye unafuu: upepo ukizuiwa, sehemu kubwa ya tatizo imeondoka kabla hujauliza joto litoke wapi.

Njia za kuendelea na pikipiki wakati huo ni tatu: kuvaa tabaka, kuikinga pikipiki yenyewe na upepo, au kutumia umeme kupasha mwili. Wengi huanza kwa kununua glavu nene kuliko zote dukani. Mara nyingi pesa hiyo imekwenda pasipostahili, na sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kulinganisha chochote.

## Tunapima nini

Joto, na linafika wapi. Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoa, hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Glavu ya kawaida haitengenezi joto. Huhifadhi lile lililoletwa na damu. Damu isipofika, glavu nene inahifadhi ubaridi. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha glavu mara tatu na vidole vikaendelea kufa ganzi, kumbe upepo unaingia kwenye zipu ya koti au shingoni.

Usalama. Vidole vilivyoganda huchelewa kwenye breki na klachi. Lakini hata dawa ya baridi ina hatari zake: nguo zinazozuia shingo kugeuka, mfuko wa kukinga mikono unaobonyeza breki, waya unaonasa eksileta.

Ufungaji na umeme. Kuna cha kufunga? Pikipiki ina umeme wa ziada au haina?

Kero za kila siku. Safari ya kazini hurudiwa asubuhi na jioni, pengine mvuani, pengine na vituo viwili njiani. Kitu kinachochukua dakika 10 kuvaa kinaweza kuwa kizuri sana na bado kikaishia kabatini.

Gharama tunaitaja kwa kulinganisha tu, kwa sababu bei hutofautiana mno.

## Njia ya kwanza: nguo za tabaka

Joto. Tabaka la ndani liondoe jasho: sufi laini au poliesta inayobana mwili. Pamba haifai hapa. Hunywa jasho la dakika chache za kuvaa na kusukuma pikipiki, kisha hukaa na unyevu huo kifuani safari nzima. Tabaka la kati lishike hewa: sweta la flisi au koti jembamba lililojazwa manyoya. La nje lizuie upepo kabisa, nalo ndilo lenye vikinga vya viwiko, mabega na mgongo. Tabaka la nje likipitisha upepo, yaliyo chini yake hayafanyi kazi hata yakiwa matano.

Suti ya mvua ya kuvaa juu ya kila kitu haithaminiwi inavyostahili. Ni nyepesi, hukunjwa ikaingia kwenye begi, na huzuia upepo kuliko makoti mengi ya bei kubwa. Faida yake ya pili ni kwamba koti la kitambaa likilowa upande wa nje, hata kama maji hayajapenya, ule unyevu hukauka kwa kuvuta joto lako. Suti ya mvua hulizuia lisilowe tangu mwanzo.

Tazama matundu. Tyubu ya shingo, yaani kitambaa cha mviringo kinachovaliwa shingoni, iingie chini ya kola, isiishie juu yake. Mkono wa koti na glavu vipandane bila kuacha pengo. Kiuno cha koti kishikwe na zipu ya suruali, au fulana iwe ndefu kiasi cha kutotoka unapoinama. Glavu iache nafasi ndogo mbele ya ncha za vidole. Ikibana, hufukuza hewa na kuzuia damu kwa pamoja. Ndivyo ilivyo kwa soksi: jozi mbili kwenye buti lililokuwa sawasawa kwa jozi moja huleta baridi zaidi.

Usalama. Kabla ya kuondoka, kaa juu ya pikipiki ukiwa umevaa vyote, geuza shingo utazame nyuma pande zote mbili, kisha shika breki na klachi mpaka mwisho. Ukishindwa kimojawapo, umezidisha nguo. Glavu nene pia huondoa hisia ya breki, na kidole gumba hukosa swichi ya indiketa.

Ufungaji na umeme. Hakuna cha kufunga, na ukiuza pikipiki nguo unabaki nazo. Hakuna betri inayokwisha.

Kero. Muda. Kuvaa na kuvua tabaka tatu, tyubu, suruali ya juu na glavu huchukua dakika 5 hadi 10 kila upande, tena uhitaji mahali pa kutundika nguo zilizolowa kazini. Vaa la nje ukiwa tayari unatoka. Ukisimama ndani ya nyumba yenye joto ukitafuta funguo, jasho limeshaanza. Glavu zisizopitisha maji zina kero yao: ukizivua mikono ikiwa na unyevu, kitambaa cha ndani hufuatana na vidole, na kukirudisha kwenye vyumba vyake ni kazi ya kutafuta uvumilivu.

Inamfaa mwenye safari ya chini ya nusu saa, asiye na ruhusa ya kugusa pikipiki (ya kukodi, ya kazini), au mwenye pikipiki yenye umeme mdogo. Udhaifu wake ni muda barabarani: nguo hupunguza kasi ya kupoteza joto, haziliongezi, na anayeketi bila kusogea hana misuli inayolizalisha. Dakika 20 zinavumilika. Saa nzima kwenye baridi ileile ni jambo jingine.

## Njia ya pili: kuikinga pikipiki na upepo

Hapa kuna vifaa vinne: kioo cha upepo, vikinga mikono vya plastiki, mifuko ya usukani na aproni ya miguu, yaani kifuniko cha mapaja na magoti.

Joto. Kioo huondoa upepo kifuani, mahali mwili unapopimia kama uachilie damu iende mikononi. Vikinga mikono huugawa upepo kabla haujafika kwenye vidole, na husaidia kidogo mvuani. Mifuko ya usukani, ile inayofunika mshikio, wenzo na swichi huku mkono ukiingia kwa nyuma, ndiyo inayoshinda vyote kwa mikono. Haivutii macho, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo tu. Ndani yake mkono hutulia kwenye hewa isiyosogea, na glavu nyembamba hutosha mahali ambapo glavu nene ilishindwa. Aproni hufanya kazi hiyohiyo kwa mapaja na magoti, hasa kwenye skuta.

Usalama. Mifuko laini isiyo na fremu ina hila moja inayopaswa kujulikana. Ukiwa umesimama kila kitu ni sawa. Mwendo ukipanda, upepo huusukuma mfuko hadi ukaegemea wenzo wa breki. Taa ya breki hubaki imewaka, na kwa mbaya zaidi breki ya mbele huanza kushika kidogokidogo na diski kupata moto. Muombe mtu asimame pembeni aitazame taa ya breki unapopita kwa mwendo wa kawaida, au mwenzako akufuate nyuma. Tiba ni mfuko wenye fremu ngumu, au kuifunga juu ya vikinga mikono vya plastiki viwe mifupa yake. Jaribu pia kutoa na kurudisha mikono haraka mara kadhaa, kwa sababu utatakiwa kufanya hivyo kwenye foleni, na ujizoeze kupata honi na indiketa bila kuangalia.

Kioo nacho kina kipimo. Ukingo wake wa juu ukae kama sentimita 5 chini ya mstari wa macho, ili utazame juu yake na si kupitia kwake. Usiku wa mvua, kioo chenye matone na mikwaruzo huzitawanya taa za magari yanayokuja. Upepo ukikugonga helmeti na kuitikisa, kioo kiko juu au chini ya pale panapokufaa kwa urefu wako, na kubadilisha pembe yake kidogo mara nyingi husaidia. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye usukani wa pikipiki nyepesi hushika upepo wa ubavuni, na mwendo mkubwa unaweza kuleta mtikisiko kwenye usukani.

Kwa aproni, hakikisha haigusi ekzosi wala tairi, na kwamba mguu unashuka chini bila kunaswa.

Ufungaji na umeme. Umeme hauhitajiki. Vikinga mikono huhitaji bolti ndani ya ncha za usukani na kibano karibu na kioo cha pembeni. Ukimaliza, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto: kebo za breki na klachi zisivutwe, kikinga kisigonge tangi. Rudia huku injini imewaka; mizunguko ikipanda unapogeuza, kebo ya eksileta imebanwa.

Kero. Ni ndogo kuliko za njia nyingine zote, na hilo ndilo linalowavuta wanaosimama mara nyingi njiani. Hakuna cha kuvaa cha ziada. Mifuko ikilowa ndani hukawia kukauka, na pikipiki inayolala nje hukusubiri asubuhi na mifuko yenye unyevu. Aproni, ukiiacha wazi, hukusanya maji ya mvua kwenye kiti.

Inamfaa anayepeleka mizigo, mwenye vituo vingi, mwenye skuta, na yeyote ambaye pikipiki yake haina umeme wa kutosha. Haimtoshi anayekaa barabara kuu saa nzima kwenye baridi ya sifuri: upepo umezuiwa lakini hewa bado ni ya sifuri.

## Njia ya tatu: umeme

Hii ndiyo njia pekee inayoongeza joto. Ndiyo pia inayoharibika kwa njia nyingi zaidi, kwa hiyo tunakaa nayo.

Joto. Fulana ya umeme hula wati 50 hadi 80, glavu za umeme wati 25 hadi 30 kwa jozi, mishikio yenye joto wati 30 hadi 50. Ukichagua kimoja, hoja ya damu iliyotajwa mwanzoni inaelekeza kwenye fulana: kiwiliwili kikiwa na joto, mwili huachilia damu kwenda vidoleni. Fulana ibane mwili juu ya shati jembamba na ifunikwe na koti lisilopitisha upepo. Ikivaliwa pana, inapasha hewa.

Mishikio yenye joto husifiwa sana, lakini hupasha kiganja huku upepo ukipiga mgongo wa mkono. Ukivaa glavu nene, umejitenga na joto ulilolilipia. Mishikio hung'ara pale inapounganishwa na mifuko ya usukani au vikinga mikono, na glavu nyembamba ndani yake. Hapo hata nusu ya nguvu inatosha.

Ufungaji na umeme. Anza na hesabu, si duka. Tafuta kwenye kitabu cha pikipiki altaneta, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka, inatoa wati ngapi na kwa mizunguko mingapi. Chukua mfano wa pikipiki ndogo ya wati 150 kwa mizunguko 5000 kwa dakika. Taa ya mbele inakula 55, taa ya nyuma na dashibodi 10, mfumo wa kuwasha na kuingiza mafuta 50. Zimebaki 35. Glavu za umeme zinaingia, fulana ya 65 haiingii. Pikipiki kubwa ya safari ndefu yenye altaneta ya wati 400 au zaidi haina shida hiyo. Kubadilisha balbu ya mbele kuwa LED kunaweza kuokoa wati kadhaa, ila kwenye baadhi ya pikipiki ndogo taa ya mbele hulishwa na koili yake bila kupitia betri, na hapo balbu mpya haiiongezei betri chochote.

Kisha thibitisha kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Betri nzuri ya asidi iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika, tarajia 13.8 hadi 14.4. Washa kila kitu, pamoja na kifaa kipya. Usomaji ukishuka chini ya 13, kuna uwezekano mkubwa kwamba betri inatoa kuliko inavyopokea. Rudia pikipiki ikiwa imesimama na injini imewaka tu, kwa sababu ndivyo inavyokaa kwenye foleni, na hapo altaneta hutoa sehemu ndogo ya uwezo wake. Wengi hukuta betri imekufa jioni, wakalaumu betri, kumbe ni foleni ya asubuhi.

Waya upite kwenye rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili kifaa kizimike pamoja na swichi ya funguo. Pini 30 ya rilei ipokee umeme wa betri kupitia fyuzi. Pini 87 iende kwenye kifaa. Pini 85 iende kwenye fremu. Pini 86 ichukue ishara kutoka waya unaopata umeme funguo inapowashwa, mfano ule wa taa ya namba. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 kutoka ncha chanya. Fulana ya wati 65 hula karibu ampea 5, basi weka fyuzi ya 7.5. Fulana na mishikio ya wati 40 kwa pamoja ni karibu ampea 8, fyuzi ya 10, na waya wa milimita za mraba 1.5.

Kwa mishikio, pima kwanza usukani. Kipenyo cha milimita 22 ndicho cha kawaida lakini si cha pekee. Gundi iwe inayostahimili joto na iachwe usiku mzima. Mshikio wa kushoto hukaa juu ya chuma tupu na kupoteza joto ndani yake, wa kulia hukaa juu ya bomba la plastiki la eksileta. Kwa hiyo kushoto kuwa baridi kidogo si lazima iwe hitilafu.

Usalama. Waya wa mshikio wa eksileta uachiwe kitanzi. Ukiwa mfupi, eksileta haitarudi yenyewe. Ukining'inia mno, hunaswa. Fungua na uachie eksileta usukani ukiwa katikati, kulia kabisa na kushoto kabisa. Mara zote irudi kwa mlio. Nguo za umeme zisigusane na ngozi tupu, kwani joto la wastani likikaa mahali pamoja kwa muda mrefu huunguza bila kushtua. Mwenye ganzi ya mikono au miguu, mathalani kutokana na kisukari, azungumze na daktari kabla ya kuvaa glavu za umeme, kwa kuwa hatahisi zinapozidi.

Kero. Kuna waya wa kuchomeka kila unapopanda, na wa kusahau kila unaposhuka. Plagi nzuri huchomoka yenyewe ukivutwa. Waya za glavu hukatikia kifundoni, za mshikio wa kulia hukatikia pale zinapojikunja. Nguo zitundikwe, zisikunjwe. Zile glavu za betri zake zenyewe za lithiamu, zenye volti 7.4, hazihitaji pikipiki kabisa. Hutoa saa 2 hadi 4 kutegemea kiwango cha joto, na baridi hupunguza muda huo. Zisichajiwe zikiwa kwenye hewa ya chini ya sifuri, basi ziingie ndani nawe.

Inamfaa mwenye safari ya dakika 40 na kuendelea, pikipiki yenye wati za kutosha, na moyo wa kushika multimita au fundi anayemwamini. Ndiyo njia ghali zaidi kwa kununua vyote kwa pamoja, ingawa mishikio pekee haipishani sana na glavu nzuri za baridi.

## Yasiyotatuliwa na yoyote kati ya hizi

Ukungu kwenye kioo cha helmeti unahitaji kioo cha pili cha ndani kinachoziba hewa katikati, na kikinga pumzi cha puani. Upepo wa tairi hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5.5 joto linaposhuka: tairi lililojazwa 33 kwenye nyuzi 25 litasoma 29 hivi kwenye nyuzi 3. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi za kiangazi za michezo hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Na barafu haina mavazi yake. Joto likikaribia sifuri, hasa madarajani na penye kivuli, safari ya siku hiyo ni ya basi.

## Uchague kwa hali yako

Safari ya dakika 15 mjini, nyuzi 8 hadi 12: suti ya mvua juu ya koti ulilonalo, tyubu ya shingo, na glavu zisizobana. Usinunue zaidi mpaka hizo zishindwe.

Skuta au pikipiki ya cc 125, vituo vingi: mifuko ya usukani yenye fremu, na aproni ikiwa miguu inalalamika. Pesa ikibaki, kioo.

Pikipiki ndogo lakini safari ndefu: mifuko, tabaka za ndani nzuri, kisha glavu au fulana yenye betri zake yenyewe, kwa sababu altaneta haitabeba.

Pikipiki kubwa, barabara kuu, dakika 45 na zaidi: fulana ya umeme kwanza, mishikio pamoja na vikinga mikono baadaye. Kioo pengine tayari unacho.

Pikipiki isiyo yako: nguo, na glavu za betri. Vyote vinashuka nawe.

Anayenunua kidogokidogo afuate mpangilio huu: ziba matundu ya upepo kwenye nguo, kinga mikono kwenye usukani, ndipo upime volti. Wengi wakifika hatua ya pili hukuta ya tatu haihitajiki. Aliyebaki na vidole vya ganzi baada ya hapo ndiye anayepaswa kufungua kitabu cha pikipiki kwenye ukurasa wa altaneta.